TUAMBIWE MAPEMA



Siku hizi hapa kijijini kuna msemo umeingia. Mtu akikuahidi mkutane ghalani saa nne, ukafika usimkute, wala huna haja ya kulalamika sana. Unasema tu, "Amenifanyia Mei nane." Hata watoto wa darasa la pili wanausema, na wao siku hiyo walikuwa bado wanabebwa mgongoni. Tumeona katika toleo hili tueleze msemo huo ulikotoka, maana mwezi uliopita ulisemwa mbele yetu, tukalengwa sisi viongozi wa kijiji hiki, na aliyeusema alikuwa na haki.

Mei 8, 2021 ilikuwa Jumamosi. Simba na Yanga walikuwa wakutane Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni. Watu watatu wa kijiji hiki, ambao wengi mnawajua, walipanda basi pale Sumbawanga mjini Alhamisi alfajiri. Wawili Simba, mmoja Yanga. Walikula pamoja njia nzima na kubishana njia nzima. Kutoka huku kwetu kwa kupitia Laela, Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro ni zaidi ya kilometa 1,100, na siyo mwendo wa mtu mwenye haraka. Huyu wa Yanga alikuwa ameuza madebe ya ulezi ambao mama wa nyumba aliutenga kwa pombe ya kuita watu shambani. Jambo hilo mpaka leo linazungumzwa nyumbani kwake, na sisi tuliitwa kusuluhisha mara mbili.

Basi, wakafika. Siku ya mechi mchana, watu wameshajaa uwanjani na wengine wako njiani, ikatoka taarifa ya Shirikisho la Mpira kwamba kwa maelekezo ya Wizara inayohusika na michezo, mechi imesogezwa mbele mpaka saa moja usiku. Yanga wakasema kanuni zinataka mabadiliko ya saa yatolewe siku nzima kabla. Wakaja kwa saa ya zamani, wakapasha misuli, hawakumwona mwenzao, wakaondoka. Simba wakaja kwa saa mpya, nao hawakumwona mwenzao. Usiku ukaingia, watu wakaambiwa hakuna mechi.

Watatu wetu walirudi Jumanne. Sisi tulikuwa tunawasubiri hapa njia panda tupate hadithi. Yule wa Yanga alishuka na kifurushi chake, akatuambia, "Katibu, nimekwenda mpaka Dar es Salaam kuangalia majani."

Mechi yenyewe ilikuja kuchezwa Julai 3, Yanga wakashinda 1-0. Huyo bwana aliisikiliza redioni huku anapukuchua mahindi. Alifurahi, tusiseme hakufurahi, lakini siyo furaha ile aliyokwenda kuinunua kwa ulezi.

Mtu angedhani somo lilieleweka. Machi 8, 2025, Jumamosi tena na tarehe nane tena, mechi ya timu hizo hizo ikaahirishwa siku yenyewe, baada ya Simba kulalamika kwamba jioni iliyotangulia walizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi. Safari hii siyo Wizara, ni wakubwa wa mpira wenyewe. Ikasogezwa mpaka Juni 15, ikasogezwa tena mpaka Juni 25, ikachezwa siku ya Jumatano, Yanga 2-0. Huku kwetu hakuna aliyesafiri. Watatu wale walikuwa wamekwisha kuwaambia wenzao.

Sasa kuna ndugu waliotujia wakasema, "Katibu, michezo usiichanganye na siasa." Tunawajibu kwa heshima: haikuchanganywa na sisi. Na wala hatusemi kwa uadui, kwa sababu mkono unaoandika karatasi hii ni wa mtu wa chama, aliyefundishwa kusoma na kuandika katika darasa la watu wazima chini ya mwembe, akapewa kadi, na kadi anayo. Lakini tukumbuke umri wa vitu. Yanga ilianzishwa 1935. Simba 1936. TANU ilizaliwa 1954 na CCM 1977. Timu hizi ni kaka wa vyama vyetu. Kaka haambiwi saa ya kula na mdogo wake.

Tena siasa haikuingia uwanjani jana. Viwanja vikubwa vya mikoani, kama Kirumba kule Mwanza, Sokoine kule Mbeya na Majimaji kule Songea, vilisimama enzi za chama kimoja na mpaka leo ni mali ya CCM. Mashabiki wa kila chama wanavitumia. Wanapokaa jukwaani hawaulizani kadi. Tuliliona hilo kwa macho yetu hapa hapa Sumbawanga, Oktoba 22, 2020, pale Uwanja wa Nelson Mandela. Msimu ule Tanzania Prisons walikuwa wamehamia kwetu kutoka Mbeya, na Simba, bingwa wa nchi, akaja akafungwa 1-0. Zilibaki siku sita tu nchi iende kupiga kura. Mjini kulikuwa na bendera za kila rangi, na watu wa bendera hizo walikuwa wameketi bega kwa bega, mwenye kanga ya chama hiki anamshikia mtoto mwenye fulana ya chama kile. Hakuna mkutano wa kampeni uliowahi kutufanyia hivyo. Baadaye Prisons wakarudi kwao Mbeya, na sisi tukarudi kwenye redio na kibanda umiza.

Tuliseme wazi ili tusieleweke vibaya. Hatulalamiki kufungwa. Kufungwa tunakujua, tumesoma nako. Mwaka 1980 Taifa Stars walikwenda Lagos kwenye Kombe la Afrika, na wengine wetu tulikuwa watoto wa kuchunga ng'ombe, tunakimbilia kwa mwenye redio jioni. Wakafungwa na Nijeria, wakafungwa na Misri, wakatoka sare na Ivory Coast. Tukasema safari ijayo. Safari ijayo ikaja mwaka 2019, miaka 39 baadaye. Sisi tuliokuwa watoto tukawa na wajukuu. Timu ikacheza mechi tatu ikafungwa zote tatu, na katika hizo moja ni ya jirani yetu Kenya, tuliyekuwa tunamwongoza. Januari 2024 tukakutana na jirani mwingine, Zambia, ambaye kwa watu wa Kasesya na Matai ni mtu wa kuazimana chumvi. Msuva akafunga dakika ya 11. Wakapewa kadi nyekundu wakabaki kumi. Tukaongoza mpaka dakika ya 88, wakasawazisha. Kuna mtu alitoka kibandani bila viatu vyake na hakuvirudia mpaka kesho yake. Na mwezi Januari mwaka huu wa 2026, timu ikiwa kwa mara ya kwanza imevuka makundi, tena kwa pointi mbili tu, tukafungwa 1-0 na Moroko kwao Rabat, na dakika za mwisho mchezaji wetu akadondoka ndani ya boksi, mwamuzi akapeta. Tuliumia. Lakini usiku ule tulirudi nyumbani tunaimba, Simba na Yanga pamoja, na mvua inanyesha.

Kwa hiyo shabiki wa huku anaweza kufungwa. Hawezi kuitwa halafu asimkute aliyemwita, wala asiambiwe kwa nini. Hiyo ndiyo inayomchoma, na hiyo anaifahamu kutoka mahali pengine, nje kabisa ya mpira.

Mnakumbuka Juni 2017. Mahindi yalikuwa yamekauka, mengine yako uani, na watu wa Ufipa tumezoea kuyapeleka Tunduma na mpakani kwa wenye kuyataka. Ikatoka amri kwamba mahindi yasitoke nje ya nchi, anayetaka kuuza nje asage auze unga. Sababu ilitolewa, kwamba nchi isije ikapata njaa, na sisi hatuibezi, maana njaa tunaijua. Lakini mtu alilima Novemba kwa hesabu moja, akavuna Juni kwa hesabu nyingine. Angeambiwa Novemba angepanda maharage zaidi, au alizeti, au angekopa mbolea kidogo. Mashine ya kusaga unga wa kuuza nje ya nchi haiwezi kusimikwa kati ya Jumatatu na Ijumaa. Msimu ule gunia lililokuwa linatafutwa likawa ndilo linalomtafuta mnunuzi, na walanguzi wa lumbesa walikaa kivulini wakingoja liwafuate. Wako wanachama waliotoa watoto shule mwaka ule. Hatuwataji, wanajijua, na wengine madeni yao bado yamo katika daftari letu.

Hii nayo ni Mei nane, ila haina goli.

Kuna mzaha ulipita pale kwenye kimpumu tangu Februari 2023, Rais Samia alipoanza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila goli la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika. Watu walifurahi, na sisi tulifurahi, timu zilicheza vizuri na Yanga wakafika mpaka fainali mwaka ule. Lakini mzee mmoja aliyesoma na sisi kisomo akachukua kijiti, akaandika chini kwenye vumbi. Tukichukua bei ya shilingi 700 kwa kilo, milioni 5 ni kilo 7,142, yaani magunia 71 ya kilo mia na chenji. Akasema, "Goli lina bei, na bei yake inajulikana kabla ya mpira kuanza. Nami nataka gunia langu lijulikane bei kabla sijashika jembe." Wakacheka. Yeye hakucheka, akafuta hesabu yake kwa mguu.

Na la Oktoba 2025 tutalisema kwa kifupi. Kuanzia siku ya kupiga kura, tarehe 29, mtandao ulizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Wenye watoto Dar es Salaam na Mbeya walikaa hawajui kama watoto wao wazima, na habari za vifo zinapita midomoni. Walikuja hapa ukutani kutuuliza sisi. Tulikuwa na karatasi na wino, hatukuwa na la kuandika. Mama mmoja alisimama mbele ya karatasi ya zamani ya bei ya mbolea, akaisoma yote mpaka chini, kisha akaondoka.

Baada ya kusema hayo yote ya wakubwa, sasa tunafika nyumbani, kwa sababu si haki kumulika paa la jirani wakati lako linavuja.

Mwezi Septemba mwaka jana ilikuwa fainali ya Kombe la Ushirika, timu yetu na timu ya kijiji jirani cha ng'ambo ya mto. Jumamosi, saa kumi jioni, ilibandikwa hapa hapa. Siku ya Alhamisi sisi wa tawi tukapata ujumbe kwamba kuna mgeni wa kampeni atapita Jumamosi na atahitaji mahali pa wazi. Mahali pa wazi hapa kijijini ni uwanja wa mpira. Tulikuwa na siku mbili. Ilitosha kuandika mistari mitatu ukutani na kumtuma kijana mmoja na baiskeli ng'ambo ya mto. Hatukuandika, hatukutuma. Wengine wamesema tulisahau. Hatukusahau. Tuliogopa kuwaambia wa juu kwamba uwanja una wenyewe, na tukaona haya kuwaambia wenyewe kwamba uwanja umechukuliwa. Tukasema labda mgeni atawahi, atasema maneno yake, ataondoka, mpira utachezwa. Ndivyo mtu anavyojidanganya.

Wageni wetu wa mpira walifika saa nane na Fuso, wakiimba, na kina mama wao wamebeba kuku wawili wa kumpa mshindi. Wakakuta spika katikati ya uwanja na milingoti ya goli imefungwa bendera. Wakakaa. Mgeni wa kampeni akaja jua linazama, akasema kwa dakika kama kumi na tano, akaahidi jezi na mipira, akaondoka na vumbi lake. Giza likaingia. Kuku walirudi walikotoka.

Jezi zilikuja, tusimsingizie. Zilikuja nane. Tumezihesabu mara nyingi, kwa mchana na kwa taa, ni nane, na mpira ni mmoja.

Hasara haikuishia kwenye mpira. Kijiji kile huleta mazao yao kwenye ghala letu kwa sababu lao lilibomoka ukuta, na chama chetu cha msingi kinaishi kwa ushuru wa kila gunia linalopita mizani. Baada ya Jumamosi ile magunia yao yaliyobaki hawakuyaleta. Waliona afadhali mlanguzi anayewaibia kwa lumbesa mchana kweupe kuliko sisi tunaowaita halafu hatupo. Mizani ikakaa. Mlinzi wa ghala amelipwa nusu mshahara kwa miezi mitatu, na yeye hana timu wala hakupanga mechi.

Mwezi uliopita tulikwenda watu wanne kuomba radhi: mwenyekiti wa chama cha msingi, katibu wa tawi, kapteni wa timu na mama mmoja wa bodi. Walitwambia tufike saa nne. Tulifika saa nne kasorobo, mto umejaa, suruali zimelowa. Walitupokea saa nane. Hatukuuliza. Mzee wao aliyeongoza kikao alitusikiliza mpaka mwisho, akatazama suruali zetu, akasema, "Wanangu, sisi huku tunalima, na mvua ikitunyima hatuikasirikii, maana haikutuahidi. Ninyi mliahidi kwa maandishi. Mmetufanyia Mei nane."

Katibu alitaka kujibu kwamba amri ilitoka juu. Yule mama wa bodi akamkanyaga mguu chini ya meza. Tunamshukuru.

Tulipotembea kurudi tulizungumza sana, na Jumapili bodi na tawi wakakaa pamoja. Yaliyokubaliwa ni haya. Uwanja sasa una daftari lake, linakaa kwa mlinzi wa ghala, siyo kwa katibu. Aliyeandika kwanza siku yake ndiye mwenye siku. Mtu yeyote akitaka kuibadilisha, awe wa mpira, wa dini, wa chama hiki au cha kile, aandike hapa ukutani siku tatu kabla, aseme sababu, na aweke jina lake mwenyewe. Asiandike "kwa maelekezo". Utaratibu huo huo utatumika kwa siku za mizani na siku za malipo, kwa sababu tumegundua katika kikao kile kwamba mwaka jana siku ya mizani ilibadilishwa mara tano na mara nne hatukubandika kitu. Mliokuja na magunia mkayarudisha, kosa lilikuwa letu.

Wapo kwenye kikao waliouliza, mgeni mkubwa akija siku ya mechi itakuwaje? Ikajibiwa kwamba atakaribishwa kuketi na kuangalia mpira, na wakati wa mapumziko atapewa dakika zake. Halikupita kwa kauli moja, ndugu zangu. Watu wawili walikataa na mmoja aliondoka kabla ya kura, na tunaandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Sisi wenyewe hatujui kama siku hiyo ikifika tutakuwa na ubavu wa kumfungulia mgeni daftari tukamwonyesha mstari. Mlinzi anasema yeye anao.

Ng'ambo wamekubali kurudi. Fainali itachezwa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka, saa kumi jioni, uwanja wetu. Mwamuzi atatoka kijiji cha tatu, na filimbi aje nayo. Jezi nane watavaa wageni, na watatu wao wamesema watakuja na mashati mekundu. Vijana wetu watacheza na fulana zao nyeupe, zifuliwe. Wanaotaka kusaidia kukata majani wafike Ijumaa asubuhi na fyekeo, kwani milingoti ya upande wa kanisa imeanza kuliwa na mchwa na mmoja itabidi ubadilishwe. Mti tumeshapata. Kuku, wametuambia, wanaendelea vizuri, na mmoja ametaga.